Mkono Uliorudi, Miguu Isiyorudi

Mtu akiniambia leo kwamba vita vya mafahali ni utamaduni wetu na lazima tuuenzi, mimi humtazama tu. Nikifungua mdomo tutakosana, na mimi nikikosana na mtu huwa ni kukosana kweli, waulize walimu niliofundisha nao. Kwa hivyo namwacha amalize kusifu ngoma za isukuti na filimbi, halafu naomba chai. Lakini moyoni nawaka, maana namwona kaka yangu akienda juu.

Alikuwa kaka yangu mkubwa, na tulizaliwa wawili tu. Baba alikuwa ameshatutoka. Tulikaa Lurambi na mama yetu, miwa mbele ya nyumba na miwa nyuma ya choo. Miaka ile miwa ilikuwa miwa, vijana wa siku hizi hawaelewi. Trakta zilipita mchana kutwa zikivuta matela, barabara ikajaa makapi yaliyotafunwa, na mwanamume akishalipwa mavuno yake harudi nyumbani na unga. Anarudi na redio, au baiskeli mpya, au mke wa pili. Kaka yangu, aliyekuwa mkata miwa kabla ya kupanda yake mwenyewe, alirudi na fahali mweusi, shingo nene, macho ya hasira. Mama alizaliwa Ikolomani, ambako fahali wa kupigana huheshimiwa kuliko mzee wa kanisa, lakini hata yeye alishika kiuno akashangaa.

"Wenzako wanaoanga wake," akamwambia, "wewe unanunua pembe!"

"Mke atamfuata fahali, Mama," akajibu, na akaenda zake kumkatia majani akiwa anapiga mluzi.

Jumamosi ninayoisema tulikuwa Malinya, kwenye uwanja wa mafahali, asubuhi, umande haujakauka. Nilisimama kwenye kituta pamoja na wanawake wengine. Mpinzani wa fahali wetu alikuwa wa kahawia, mkubwa kumzidi, na pande zote mbili walikuwa wamezichonga pembe kwa vigae vya chupa. Waliposhikana, sauti niliyoisikia ilikuwa ya mifupa. Pembe ya wetu ilimwingia yule wa kahawia chini ya sikio, ikapanda, ikatoka na jicho. Damu ikawarukia watu wa mbele, nao wakapangusa nyuso na kuendelea kushangilia. Yule wa kahawia akageuka ghafla kukimbia, na upande ule uliopofuka ndipo kaka yangu alipokuwa amesimama na fimbo, akimchochea wetu.

Fahali alimchota kaka yangu kiunoni akampeleka juu. Nasema juu, juu ya vichwa vya watu, na akaanguka chali kwenye ardhi ngumu iliyopigwa na kwato. Nilisikia kishindo chake kutoka kule kwenye kituta. Yule wa kahawia akapita, akatokomea kwenye mahindi ya watu, na hivyo ndivyo fahali wetu alivyoshinda.

Sasa, desturi ni kwamba fahali wako akishinda, unabebwa. Hakuna anayekuuliza kama unataka. Wanaume walimrukia kaka yangu pale chini, huyu akavuta mkono, yule akavuta mguu, wakamwinua kama gunia na kumweka mabegani. Isukuti ikaanza kulia. Wakamrusha, wakamdaka, wakamrusha tena. Kaka yangu alikuwa ameachama mdomo anapiga ukelele, na wao, Mungu wangu, wakaona mdomo uliofunguka wakafikiri anaimba. Mimi niliiona miguu yake. Ilikuwa ikining'inia na kugongana kama suruali iliyoanikwa siku ya upepo.

Niliteremka kile kituta sijui vipi. Niliwapiga watu ngumi za mgongo. Nilimng'ata mwanamume mmoja begani hadi nikaonja damu yake, naye akanigeukia akicheka, akidhani nimepagawa na furaha ya ushindi, akanishika mkono ili tucheze! Nilimpiga kofi nikawapigia kelele wote, "Mshusheni! Mnamuua!" Walipomshusha hatimaye, hawakumlaza, walimsimamisha. Akaporomoka. Jasho lilikuwa likimtiririka usoni na midomo imekauka.

"Mwalimu," akaniambia, maana hivyo ndivyo alivyoniita kunitania, "kuna mtu amekalia miguu yangu. Mwambie atoke."

Hospitalini daktari hakutuzunguka. Alituita mimi na Mama kando akatuambia kwamba mfupa wa mgongo umevunjika na ule uzi mnene wa neva unaopita ndani yake umepondeka. Hatatembea tena. Kuanzia kitovuni kwenda chini hatasikia kitu. Akatuambia pia, kwa kurudiarudia, kwamba mgonjwa wa namna hii lazima ageuzwe upande huu na upande huu, usiku na mchana, na aketishwe kwenye kiti cha magurudumu, kwa sababu asipohisi kuumia hatajigeuza mwenyewe, na nyama iliyolaliwa huoza. "Kidonda ndicho kitakachomuua," alisema. "Mgongo hautamuua."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mkono wake je?"

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa.

Siku za nyuma kaka yangu aliwahi kupoteza mkono akaupata tena. Shamba la jirani lilikuwa limeshika moto. Watu wa miwa wanajua kwamba muwa ulioungua hauna subira. Usipokatwa haraka unaharibika, kwa hivyo makundi mawili ya wakataji yakatumwa pale pale, yakafika pamoja, na yakaanza kugombania mistari. Hawa wakata miwa wetu, mikono yao daima ina panga. Walikatana kama wanavyokata miwa. Mmoja alimlenga kaka yangu shingoni, naye akakinga kwa mkono wa kushoto, panga likaingia chini ya kiwiko mpaka kwenye mfupa. Walimleta nyumbani amejaa masizi na damu, mweusi na mwekundu mwili mzima. Nilipofungua lile shati walilomfungia, niliona ndani ya nyama kitu cheupe kama uzi wa kushonea magunia, na ule uzi ulikuwa umekatika.

Walimshona ule uzi hospitalini, wakamfunga plasta, wakamwambia: tulia, mkono usiusogeze, ngoja. Vidole viwili, cha mwisho na jirani yake, vilikuwa vimekufa. Vilijikunja, vikakonda, akaviunguza kwenye sufuria asijue mpaka tuliponusa. Lakini baada ya miezi kadhaa, akijigongagonga chini ya kovu, akaanza kusikia kama umeme unamkimbia kuelekea kidoleni. Akachukua kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia akatia alama pale umeme ulipoanzia. Mwezi uliofuata alama ikashuka. Ukafuata mwingine, ikashuka tena, ikafika kifundoni, ikafika kiganjani. Siku moja akashika kikombe cha chai akapiga yowe, "Naungua! Naungua!" na nyumba nzima tukarukaruka kwa furaha kwa sababu mtu ameungua. Mama alipeleka ingokho kanisani, kuku mzima wa shukrani.

Ndiyo maana alipoletwa nyumbani kutoka hospitalini na mgongo wake, kaka yangu alikuwa na uhakika. Mkono ulirudi kwa kutulia, kwa hivyo miguu nayo itarudi kwa kutulia. Alilala chali kama gogo na akakataa kusogezwa hata kidogo. Kanisa lilituletea kiti cha magurudumu. Akasema hicho ni cha vilema, kiwekwe nje. Mama akakiweka chini ya ghala na kuku wakakitagia mayai.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Biolojia katika shule ya wasichana ya bweni, na nilikuja nyumbani mwisho wa wiki tu. Wiki nzima nilikuwa nikisimama mbele ya ubao nikichora niuroni, ile seli yenye kichwa kama buibui na mkia mrefu, na wasichana wakiichora vizuri kwa rangi. Kila mtu huipenda niuroni. Ndiyo inayopeleka habari, ndiyo yenye jina. Zile nyingine zinazoizunguka, glia, kitabu chetu kilizipa sentensi moja: seli za kushikilia neva. Basi! Kama kusema mama ni mtu wa kushikilia sufuria. Nilipokuwa chuoni nilisoma zaidi ya hapo, kwa sababu mhadhiri wetu alizipenda, na wasichana wangu niliwapa zaidi ya kitabu.

Niliwaambia kwamba niuroni ikiachwa peke yake haiwezi chochote. Kuna glia zenye umbo la nyota zinazochukua sukari kwenye damu, zikaimeng'enya na kuipa niuroni ikiwa tayari kutumika. Wasichana walicheka, kwamba hata kichwani tuna kiwanda cha sukari. Ni hizo hizo zinazofyonza kemikali zilizomwagika niuroni zikishasemezana, la sivyo zingetiana sumu. Kuna glia ndogo za ulinzi, zinazotembeatembea na kumeza takataka. Na kuna glia zinazojiviringisha kwenye mkia wa niuroni tabaka juu ya tabaka, zikauvika mafuta, na habari ikapita kwa kuruka badala ya kutambaa. Bila hizo, ukikanyaga kaa la moto utakuja kujua umechelewa.

Lakini kuna sehemu niliyoifundisha siku moja nikashindwa kuimaliza, nikatoka nje nikawaacha wasichana wanatazamana. Mkononi, neva ikikatwa, kile kipande cha mbele hufa. Glia zilizokuwa zimekiviringisha hazifi. Zinaondoa mabaki yake, zinazaana, zinajipanga mstari ndani ya ganda la zamani, na zinatoa kemikali za kuita: njoo, pita huku. Na ile ncha iliyokatwa inakuja, polepole, ikishika njia ile ile mpaka kidoleni. Ule umeme aliousikia kaka yangu akijigonga ilikuwa ni ncha ya neva ikitembea.

Mgongoni ni glia pia, lakini tabia nyingine kabisa. Zile za kuviringisha za mgongoni zikipondwa zinaacha mafuta yake yametapakaa, na mafuta hayo yenyewe yanaizuia ncha isiendelee. Walinzi wanafurika, wanavimba, wanakula kilichokufa na wakati mwingine kilicho hai. Na zile za nyota, zile zile zilizokuwa zikilisha niuroni sukari, zinanenepa, zinashikana mikono kuzunguka jeraha, na zinafanya ukuta. Ncha inafika hapo, inajikunja, inakaa. Hakuna anayeiita.

Nilizichukia zile seli. Nacheka nikikumbuka, lakini nilizichukia kama mtu anavyomchukia jirani aliyemchomea nyumba. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ukuta ule una kazi. Usipokuwepo, lile jeraha husambaa, linaharibu neva zilizopona juu na chini yake. Shamba likishika moto wakata miwa hukata ukanda mzima wa miwa mizuri, mibichi, ili moto ukose pa kupita. Ndivyo zilivyomfanyia kaka yangu. Zilikata miguu ili ibaki mikono, na tumbo la kupumulia nalo libaki. Lakini wakati ule sikujua hayo, na hata ningejua nisingezisamehe.

Jambo lililotuponza zaidi ni kwamba miguu ilianza kuruka. Ijumaa moja nilikuwa nimeinama nikimfuta nyayo kwa kitambaa, na mguu wa kulia ukajinyanyua ghafla ukanipiga mdomoni. Nilianguka na beseni. Jino lilikuwa limepasua mdomo wa chini, damu ikanijaa, na nilipoinua kichwa Mama alikuwa anapiga vigelegele.

"Amepiga teke! Mwanangu amepiga teke!"

Kaka yangu alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Pole, mwalimu! Umeona lakini? Umeuona?"

Niliuona. Nilijua pia ni nini. Niuroni zilizo chini ya jeraha hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimepotewa na mkubwa wao tu, yaani ubongo, na ukiwa huna mkubwa kila kitu kidogo kinakushtua. Kitambaa cha maji baridi kiligusa wayo, habari ikapanda mpaka mgongoni, ikageukia hapo hapo ikashuka kama teke. Yeye mwenyewe hakuhusika. Nilitema damu kwenye beseni nikaanza kusema, "Sikiliza, hilo teke..." na yeye akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio. Nilijaribu tena siku iliyofuata. Redio ikaongezwa tena. Na Mama akanifuata jikoni, akanibana ukutani kwa kifua chake.

"Ukimvunja moyo mtoto wangu," akaniambia, "usiniite mama tena."

Kila asubuhi Mama alikuwa anampima. Alimfunika macho kwa kitambaa, akaanza kumfinya kutoka tumboni kushuka, na kila akifinya anauliza, "Hapa, baba, unasikia?" Naye anajibu, "Nasikia." "Na hapa?" "Kidogo." "Na hapa?" "Kwa mbali, Mama, lakini nasikia." Kisha Mama anachukua kalamu yangu nyekundu na kuchora mstari. Mistari ilishuka. Ilipita nyonga, ikaingia mapajani, mingi kama mistari ya daftari. Nilisimama mlangoni nikitazama jambo hilo, na sikuamini macho yangu. Mama hakuwa anadanganya, wala yeye hakuwa anadanganya. Alikuwa anausikia mdomo wa Mama, si vidole vyake.

Halafu ikaja harufu. Niliikuta Jumamosi moja kuanzia mlangoni, harufu nzito, ya kitu kilichokufa. Mama alikuwa anachoma majani ya mkaratusi kwenye kigae.

"Panya amefia darini," akasema bila kuniangalia.

"Panya gani, Mama?"

Nilikwenda kitandani nikatia mkono chini ya kiuno cha kaka yangu. Godoro lilikuwa limelowa. Nilipotoa vidole vilikuwa na usaha wa kijani na damu. Yeye alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote, nikasikia mifupa inalia.

"Usinisogeze! Utaikata neva! Imeshafika hapa, unaona? Imeshafika hapa!" Akanionyesha mstari mwekundu wa mwisho juu ya goti. Uso wake ulikuwa wa moto, macho yamezama, homa ilikuwa imeshampanda. Nikajua kwamba tukiendelea kungoja miguu tutamzika.

Nilitoka nje nikamkuta Mama anasonga obusuma. Nilimwambia mtoto wake anaoza. Nilisema neno hilo hilo, anaoza, na yeye akainuka na mwiko wenye ugali wa moto akanipiga nao shingoni. Ugali wa moto hautoki, unaganda. Nilipiga yowe nikamnyang'anya ule mwiko nikauvunja gotini, nikatupa vipande. Tulisimama tunahema kama wale mafahali, mama na bintiye, uani mwetu, mbele ya kuku. Sijawahi kumwogopa mama yangu kama siku ile, na nadhani naye aliniogopa.

"Unataka afe na matumaini?" nikamwuliza. "Ni hayo unayotaka?"

Nikaingia ndani, nikazima redio, nikaichomoa betri nikazitia mfukoni.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kwa maneno ya darasani kwa sababu sikuwa na mengine. Nilimwambia kuhusu zile glia za mkononi zinazojipanga na kuita, na hizi za mgongoni zinazojenga ukuta. Nilimwambia kwamba mkono wake ulirudi kwa sababu ulikuwa na wa kuuongoza, sio kwa sababu alitulia, na kwamba mgongoni hata akitulia mpaka kiama hakuna anayekuja. Nilimwambia lile teke lilikuwa la mgongo, halikuwa lake. Alinisikiliza, shavu linamcheza. Kisha akachukua kikombe cha bati kilichokuwa kando yake akanirushia. Kilinipata kwenye nyusi, ukingo wake ukanipasua, na jicho moja likajaa damu.

"Vitabu vyako," akasema, "vilisema mkono utarudi?"

"Vilisema unaweza kurudi."

"Na miguu?"

"Hapana."

"Vinadanganya! Mama ananipimanga kila siku na nasikia. Muulize! Nipime wewe basi. Njoo unipime, mwalimu, kwa sababu unajua kila kitu!" Akavuta fulana yake akajifunika uso mwenyewe. Chini ya ile fulana nilisikia anatweta.

Damu ilikuwa inanidondoka kidevuni. Nilitoa pini kubwa niliyofungia sketi yangu. Siku hiyo miguu ilikuwa imetulia, homa ilikuwa imeilegeza, haikuruka hata kidogo. Nikaanza na kidole gumba cha mguu. Sikusema neno. Nilichoma, nikangoja, na yeye hakusema kitu. Nikachoma wayo. Nikachoma kifundo, muundi, chini ya goti, na kila mahali palitoka tone dogo jekundu. Na nitasema kweli, nilikuwa na hasira naye, na mama, na ng'ombe, na wale wanaume wa Malinya, na nikachoma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilipanda paja moja nikashuka la pili. Nilipita juu ya mistari ya Mama yote. Mama mwenyewe alikuwa amekuja mlangoni, kiganja mdomoni.

"Mbona huanzi?" kaka yangu akauliza.

Nikachoma nyonga. Nikachoma chini ya kitovu.

"Anza basi! Unaogopa nini? Si ulitaka kunipima?"

Nikapanda juu ya kitovu, upana wa vidole viwili, nikachoma. Akaruka kifua kizima.

"Hapo! Hapo nasikia!" Alikuwa na furaha, jamani, sauti ilikuwa ya furaha. "Si nilikuambia? Umeanza tu na nimesikia! Umeona? Umeona, Mama?"

Akaondoa fulana usoni. Alinitazama mimi kwanza, usoni mwangu penye damu. Kisha akainua kichwa akajitazama mwenyewe. Matone yalikuwa yamejipanga kutoka vidoleni mpaka tumboni, mengine yameshaanza kukauka. Aliyafuata kwa macho, polepole, kutoka chini kuja juu, mpaka lile la mwisho.

Akapiga yowe ambalo majirani walikuja kuliulizia. Alijipiga mapaja kwa ngumi, akajipiga kwa redio mpaka ikapasuka, na mapaja yakawa yanatingishika tu kama ya mtu mwingine. Mama alimlalia kifuani akimshika mikono, anamwita baba, baba yangu, baba, na yeye akampiga Mama pia, kisha akamkumbatia. Mimi nilibaki nimesimama na pini yangu. Nilitaka kulia nikashindwa.

Alipochoka alilala anatazama dari. Kuku waliingia ndani, hakuna aliyewafukuza. Kisha akasema, bila kugeuza kichwa:

"Nigeuzeni."

Tulimgeuza, mimi mabegani na Mama miguuni. Shuka ilikuwa imegandamana na mwili, ikabidi niivute, na ilipotoka ilitoka na nyama. Juu ya matako palikuwa na shimo ambalo ngumi yangu ingeingia, na ndani ya shimo niliona mfupa. Mama aliketi chini sakafuni. Kaka yangu, uso umezama kwenye mto, akauliza kuna nini huko nyuma, mbona kimya. Nikamwambia. Akauliza ni kubwa kiasi gani. Nikamwambia hilo pia.

Nilileta maji ya moto yenye chumvi na kitambaa safi. Nyama iliyokufa lazima itoke, daktari alikuwa ameshatuonyesha, lakini nilipogusa ukingo wa lile shimo mkono ulikataa. Niliweka kitambaa, nikakiondoa, nikakiweka tena kama anayepangusa uso wa mtoto mchanga. Kaka yangu alingoja. Alisikia maji yanadondoka kwenye beseni na akajua ninafanya nini, na kwa nini siendelei.

"Sugua, mwalimu," akasema. "Sugua tu. Siumii."